Krosi ya propela inayokufa kila baada ya miezi mitatu

Swali: Habari fundi. Mimi ni mama ninayeishi Awasi, nina lori moja, Isuzu ya tani kumi, linalobeba miwa kutoka mashambani hadi viwandani. Nililinunua mwaka jana likiwa tayari limeongezwa chasi, yaani fremu yake imerefushwa. Tangu mvua ya masika ianze linapiga "ka!" dereva akiachilia klachi, na likifika kilomita 60 kwa saa linatetemeka hadi kwenye kiti. Krosi ya nyuma imebadilishwa mara mbili ndani ya miezi sita. Fundi wetu anasema krosi za siku hizi zote ni feki, afadhali ninunue propela nzima iliyotumika. Dereva anaapa kwamba anapiga griisi kila Jumamosi. Mimi siingii chini ya gari, lakini pesa zinatoka kwangu. Nimwamini nani, na nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, pole kwa gharama. Barua yako ni fupi lakini umetaja mambo mawili ambayo fundi wako angeyashika kwanza kabla ya kulaumu duka. La kwanza, lori liliongezwa chasi. La pili, krosi iliyokufa ni ya mahali pale pale, mara mbili. Krosi feki zipo, nimezitoa nyingi kwa mikono yangu. Hata hivyo, kwa niliyoyaona miaka yote hii, krosi ya bei ya chini ikipata griisi na ikakaa mahali palipo sawa huvuka mwaka. Inapokufa kwa miezi mitatu, na ya pili ikaifuata kwa miezi mitatu, kuna kitu hapo nyuma kinachoziua. Dereva wako naye huenda anasema kweli kabisa kuhusu Jumamosi zake. Kupiga griisi ni jambo moja, griisi kufika ni jambo jingine.

Nikueleze kwanza kinachofanyika huko chini, ili mtu akikupa maneno matupu uyatambue. Propela ndiyo bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya ekseli ya nyuma. Giaboksi imefungwa kwenye chasi, haisogei. Difu imekaa juu ya springi, kila shimo la barabara linaipandisha na kuishusha. Kwa hiyo propela lazima iweze kujikunja huku ikizunguka, na iweze kurefuka na kufupika kidogo. Kujikunja ni kazi ya krosi. Kurefuka ni kazi ya ile sehemu yenye meno, inayoteleza, ambayo mafundi huiita slipu. Lori refu kama lako halina bomba moja. Yapo mabomba mawili au zaidi, na yanapoungana hapo katikati yananing'inizwa kwenye chasi kwa senta beringi.

Krosi yenyewe ni chuma chenye mikono minne, mfano wa msalaba. Kila mkono umevaa kikombe, na ndani ya kikombe zimejipanga sindano za chuma, nyembamba, zimesimama bega kwa bega kama njiti za kiberiti ndani ya mkebe. Mkono hauzunguki mle ndani duara zima. Unacheza digrii chache tu, kwenda na kurudi, mara elfu mbili na zaidi kwa dakika lori likiwa kwenye gia kubwa. Sindano zile zile zinasugua mahali pale pale siku nzima. Ongeza sasa uzito wa kazi: injini yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 500, ikipitia gia ya kwanza inayozidisha mara 6, inaipa propela karibu Nm 3,000. Hiyo ndiyo hali ya lori lako likitoka shambani limejaa, matope yamefika kwenye rimu. Kinachotenganisha chuma na chuma hapo ni utando wa griisi usioonekana kwa macho.

Katikati ya msalaba kuna nipo moja, kichuchu cha kuingizia griisi. Kutoka hapo vimetobolewa vijitundu vinavyokwenda kwenye mikono yote minne. Griisi hufuata njia nyepesi, kama maji ya mvua. Ikiwa sili ya kikombe kimoja imelegea kuliko nyingine, griisi yote inatokea hapo. Dereva amelala chini ya lori, tochi mdomoni, anaona griisi mpya inachuruzika, anaridhika, anafuta mikono. Kikombe cha upande wa pili, ambacho griisi yake ya zamani imekauka ikawa kama nta, hakikupata hata tone. Jumamosi ijayo anarudia, na griisi inapita njia ile ile.

Nilipokuwa najifunza kazi kwenye gereji moja Nakuru, miaka ya 1990, fundi mkuu aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alinilazimisha kuhesabu kwa sauti. Nikipampu, griisi ikitokea kikombe cha kwanza, niseme "moja." Naye anasikiliza kutoka juu huku anafanya kazi nyingine. "Mbili." "Tatu." Nikinyamaza kabla ya "nne" alikuwa anakuja na kupiga magoti kuangalia mwenyewe. Niliona ni utoto wakati ule. Leo kila kijana anayeingia kwangu Kisumu anahesabu hivyo hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mwenye lori dogo lililokuwa limekwama kwenye mlima wa kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills, likipeleka mbolea kwenye mashamba ya chai. Krosi ya nyuma ya senta beringi ilikuwa imekatika katikati ya mlima, bomba likaanguka. Dereva akavuta hendibreki, lori likaendelea kurudi nyuma. Breki ya mguu ndiyo iliyomwokoa, na tanboi aliyeruka chini na jiwe. Nilipofika niliokota ile krosi kwenye lami. Mikono mitatu ilikuwa inang'aa, ina mafuta, ungeweza kuirudisha kazini. Mkono wa nne ulikuwa umechimbika mistari mistari kama meno ya kitana, na ndani ya kikombe chake hakukuwa na sindano hata moja, ulikuwa umebaki unga mwekundu mkavu tu. Mwenye lori alinionyesha pampu ya griisi aliyoitumia siku mbili kabla. Hakuwa anadanganya.

Kwa hiyo jambo la kwanza, dada yangu, mwambie fundi akuletee zile krosi mbili alizozitoa. Fundi mwaminifu huwa anaziweka. Huhitaji kuingia chini ya gari. Zishike mkononi, uzifute kwa kitambaa. Ukiona mkono mmoja umekauka na una unga wa kutu huku mingine ikiwa mizuri, griisi haikufika, na hapo shida ni namna ya kupiga griisi au vijitundu viliziba. Ukiona mikono yote minne imechimbika kwa kiasi kimoja ingawa ina griisi, basi griisi haina hatia, krosi inateswa na kitu kingine. Na kwa kuwa lori lako linatetemeka likifika 60, ningeweka pesa zangu kwenye hilo la pili. Labda yote mawili yapo.

Sasa nije kwenye ile chasi. Krosi ina tabia moja ambayo haionekani kwa macho lakini imejulikana tangu karne ya 17, alipoichunguza Robert Hooke wa Uingereza. Krosi moja ikizunguka huku imejikunja, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa na wa kwanza. Katika kila mzunguko mmoja upande huo unaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ikijikunja kwa digrii 10, tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 kwenda juu na kushuka. Ni kidogo, lakini hebu fikiria bomba zito la chuma linalokazwa na kulegezwa hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Dawa yake ni kuweka krosi mbili, moja kila mwisho wa bomba, zikiwa zimeelekea upande mmoja na zimejikunja kwa kiasi kimoja. Ya kwanza ikiharakisha, ya pili inachelewesha, zinafutana, difu inapokea mzunguko laini. Masikio ya yoki (ile panda ya mwisho wa bomba inayoshika krosi) ya mbele na ya nyuma yakitazama pande tofauti, hayafutani tena. Yanaongezana. Lori linatetemeka, na sindano za krosi ndizo zinazolipa.

Anayeongeza chasi hulazimika kuongeza propela pia. Kazi hii nimeiona ikifanywa vizuri, na nimeiona ikifanywa kwa macho tu: bomba linakatwa kwa gesi, kipande kinaongezwa katikati, linachomelewa juu ya mawe mawili, basi. Yoki moja ikipinduka kidogo wakati wa kuchomelea, hakuna atakayejua mpaka lori liingie barabarani. Kuna na kosa jepesi zaidi ambalo halihitaji hata kuchomelea. Fundi akiivuta slipu ikatoka kwenye meno, kisha akairudisha ikiwa imeruka jino moja au mawili, masikio yameshahama. Watengenezaji hupiga alama za mishale kwenye slipu kwa sababu hiyo, lakini kwenye lori la miwa mishale hiyo iko chini ya matope na rangi.

Kulipima bomba si kazi ya mtambo. Propela ya nyuma ikishatolewa, ilazwe juu ya mbao mbili kwenye sakafu iliyo sawa. Krosi zikiwa zimetolewa, pitisha chuma kilichonyooka kwenye matundu mawili ya yoki ya mwisho mmoja, izungushe hadi pima maji iseme chuma kimelala sawa. Bila kuisogeza, nenda mwisho wa pili, fanya vivyo hivyo. Pima maji ikisema upande huu sawa na ule umeinama, umempata muuaji wako. Kama ni meno, itolewe irudishwe sawa, haigharimu kitu. Kama ni kuchomelewa, bomba likatwe upya na mtu mwenye mashine ya kulinyoosha na kulibalansi, hata kama itabidi lisafirishwe hadi Nairobi. Usikubali lichomelewe tena juu ya mawe.

Upimwe na urefu pia. Bomba refu likizunguka sana huanza kujipinda lenyewe katikati, kama kamba ya watoto ya kuruka, na urefu unaushusha haraka mwendo ambao hilo huanza. Bomba likirefushwa kwa robo ya urefu wake, mwendo huo unashuka kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu anayeongeza chasi kwa kiasi kikubwa hutakiwa kuongeza senta beringi nyingine na kugawa bomba, asivute lile lile moja. Mwenye lori wa awali hakufikiri hilo, pengine, alifikiri magunia mangapi zaidi yataingia.

Na springi? Kama kuna mtu aliyeongeza mabamba ili lori lisilale kwa mzigo, difu na chasi vimeachana zaidi na krosi zinajikunja zaidi ya zilivyopangiwa, hasa lori likiwa tupu. Watu wengi huku kwetu wanaongeza mabamba kisha wanashangaa krosi. Mabamba yenyewe ni ishara kwamba mzigo umezidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu manne, na miwa mibichi ikirundikwa juu ya vyuma vya pembeni hupita hapo upesi sana.

Kabla hamjafungua chochote, dereva afanye jaribio moja barabarani, pale Ahero kwenye tambarare ambapo njia imenyooka. Aende kilomita 60 kwa gia ya juu, asikilize. Kisha ashushe gia moja, arudi mwendo ule ule wa 60. Mtetemo ukibaki vile vile wakati injini inazunguka kwa kasi tofauti, unatoka kwenye propela au magurudumu. Ukibadilika, utafuteni kwenye injini na klachi. Asifanye jaribio la kuweka lori huru kwenye mteremko. Tumezika watu wengi Salgaa na Sachangwan kwa tabia hiyo.

Kuhusu ule mlio wa "ka!", chanzo chake kinaweza kuwa krosi, meno ya slipu yaliyolika, boliti za flanji (sahani za chuma zinazofunga propela mwishoni) zilizolegea, au mchezo ndani ya difu. Lori likiwa mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa, injini imezimwa na gia iko huru, fundi alishike bomba kwa mikono miwili alizungushe huku na huku, halafu alisukume juu kwa mtaimbo. Macho yawe kwenye vikombe. Kikombe kikisogea ndani ya yoki, au mkono ukisogea ndani ya kikombe, hata kama ni kiasi cha unene wa ukucha, krosi hiyo imekwisha. Unga mwekundu ukiwa umeganda mdomoni mwa kikombe, imekwisha pia, hata kama bado haijalia.

Nimesema magurudumu yazuiwe, nataka kulirudia hili kwa sababu limeua. Malori mengi ya Kijapani ya ukubwa wa kati yana hendibreki inayokamata ngoma iliyo nyuma ya giaboksi. Haikamati magurudumu, inakamata propela. Siku unapoifungua propela, hendibreki haina kitu inachoshika tena, na kuacha lori kwenye gia pia hakusaidii. Ndiyo sababu lile lori la mbolea liliendelea kurudi nyuma. Malori yenye breki za upepo zinazojifunga zenyewe kwenye magurudumu ya nyuma ni salama zaidi, lakini fundi aangalie kwanza lako ni la aina gani. Kwa vyovyote, liwe mahali tambarare, mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili. Na bomba lishikiliwe kwa kamba au jeki kabla ya boliti ya mwisho kutoka. Linaweza kumvunja mtu kifua.

Kufungua kwenyewe kuanze na alama. Rangi nyeupe au punchi: alama kati ya flanji na flanji, alama kwenye slipu na bomba lake, alama kati ya yoki na yoki. Fundi akianza kulegeza boliti kabla ya kuweka alama, msimamishe. Hii ni kazi ambayo hata wewe unaweza kuisimamia ukiwa umeketi kwenye kiti. Ila kwa lori lako, alama zitunze hali ilivyo sasa, mpaka kipimo cha pima maji kiseme kama hali hiyo ilikuwa sahihi.

Kutoa krosi ya zamani ndipo uharibifu mwingi unapofanyika. Saklipu, zile pete zinazozuia vikombe visitoke, zisafishwe kutu kwanza kwa brashi ya waya. Kikombe kigongwe kidogo kuelekea ndani ili saklipu ipumue, ndipo itolewe kwa koleo. Nipo itolewe isije ikakatika. Kisha kikombe kisukumwe kwa vaisi au presi: soketi ndogo upande mmoja inasukuma, soketi kubwa upande wa pili inapokea kikombe kinachotoka. Bomba lenyewe lisibanwe kwenye vaisi, likibonyea limeharibika balansi, ishikwe yoki. Fundi anayepiga masikio ya yoki kwa nyundo kubwa anayapinda. Matundu mawili yakishaacha kutazamana, krosi mpya, hata kama imetoka kiwandani Japani, itafungwa ikiwa imebanwa upande, na itakufa kwa miezi mitatu. Umeona jinsi hesabu hii inavyorudi kwako? Muulize fundi wako alitumia nini kuitoa ile ya kwanza. Na kama alitumia gesi kuipasha yoki moto, nalo aseme.

Krosi mpya ikifika, apime kipenyo cha kikombe na urefu wa mkono hadi mkono kabla hajaifungua, alinganishe na ya zamani. Zipo zinazofanana sana kwa macho na zinatofautiana kidogo. Kikombe kinapaswa kuingia kwa kusukumwa kwa nguvu ya wastani. Kikiingia kwa kidole, yoki imelika tundu na hakuna krosi itakayokaa hapo.

Sasa ile sehemu ndogo ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Kabla kikombe hakijaingia, kitazamwe ndani. Sindano zote zisimame zimeshikwa na griisi. Wakati wa kusukuma, mkono wa krosi uwe umeshainuliwa uingie ndani ya kikombe, uzishikilie sindano zisianguke. Mara nyingi sindano moja inaanguka na kulala chini ya kikombe. Hapo kikombe kinagoma kabla ya kufika. Mfereji wa saklipu unaonekana nusu tu. Fundi mwenye haraka anaongeza nguvu. Sindano inavunjika, saklipu inaingia kwa shida, na lori linaondoka likiwa na kifo ndani. Fundi mwenye akili anatoa kikombe, anaisimamisha sindano, anaanza tena. Ukisikia amesema "imegoma kidogo lakini imeingia", mwambie aitoe.

Saklipu zikishaingia vizuri kwenye mifereji yake, masikio ya yoki yagongwe taratibu kwa nyundo ya shaba au ya plastiki, vikombe virudi nje vikalie saklipu. Krosi sasa isogezwe kwa mkono pande zote. Iwe nzito kidogo lakini laini, isikwame mahali popote, wala isipige hata "tik". Nipo ielekee mahali ambapo pampu ya griisi itaifikia propela ikiwa garini. Nimeshakutana na krosi ambazo hazikupata griisi maisha yao yote kwa sababu nipo ilifungwa ikitazama flanji.

Krosi kutoka dukani huja na griisi kidogo, ya kuilinda isishike kutu kwenye boksi. Haitoshi kazi. Propela ikishafungwa, ipigwe griisi kabla lori halijasogea hata mita moja. Atumie griisi ya lithiamu namba 2, ile yenye uwezo wa kubeba mgandamizo mkubwa, na asichanganye aina, kwani griisi za asili tofauti zikikutana zinaweza kulainika na kumwagika. Pampu iwe ya mkono. Ile ya upepo inaweza kupasua sili kabla hujajua. Nipo ifutwe kwanza, la sivyo kitakachoingia kwanza ni mchanga. Apampu polepole mpaka griisi ya zamani, nyeusi, itoke, na mpya ionekane kwenye vikombe vyote vinne. Moja, mbili, tatu, nne. Kimoja kikigoma, propela izungushwe nusu, bomba lisukumwe upande mwingine kwa mtaimbo ili kikombe hicho kilegee, ajaribu tena. Kikiendelea kugoma, krosi itoke. Usiivumilie hadi Jumamosi ijayo.

Slipu ina nipo yake, na wengi huisahau. Mwisho wa slipu kwenye malori mengi kuna kijitundu cha kupumulia. Apampu mpaka griisi itokee pale, kisha akizibe kwa kidole gumba na kuendelea mpaka griisi ichungulie kwenye sili upande wa pili. Bila kidole hicho, griisi inatoka kwa kijitundu na meno yanabaki makavu. Senta beringi nyingi zimefungwa kiwandani, hazihitaji kitu. Yenye nipo ipewe kidogo tu.

Mara ngapi? Kitabu cha lori ndicho cha kwanza. Kwa kazi ya miwa mimi husema kila kilomita 5,000 au kila mwezi, kinachotangulia, na siku ile ile lori likivuka maji hadi kwenye ekseli, kama yanavyojaa huko Kano mto Nyando ukifurika. Ile ya dereva wako ya kila Jumamosi ni sawa, tena nzuri, akihesabu hadi nne. Mwambie pia aoshe propela. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukigandia upande mmoja wa bomba na kukauka unaliondolea balansi kama vile mtu amelifungia jiwe. Majani ya miwa na kamba zilizojisokota karibu na krosi zikatwe, zinakula sili. Vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba asiviguse, hivyo ndivyo balansi yenyewe.

Akikwama shambani, asiirushe klachi. Gurudumu linalozunguka hewani likishika ardhi ghafla, pigo lote linaishia kwenye krosi. Ni heri avutwe na trekta.

Boliti za flanji ziwe zile za lori, zenye ugumu ulioandikwa kichwani, zikazwe kwa spana ya kipimo, zikazwe tena baada ya kilomita 100 hadi 200. Boliti ya kawaida ya dukani hapo haifai.

Kwa hiyo propela nzima usiinunue bado. Propela iliyotumika ya lori ambalo halijaongezwa chasi haitakutosha kwa urefu, na utarudi kule kule kwenye kukata na kuchomelea. Anza na zile krosi kuukuu, kisha jaribio la gia mbili, kisha pima maji. Matokeo ya kila kimoja yaandike, nitumie pamoja na picha ya mahali bomba lilipochomelewa, na urefu wake kutoka senta beringi hadi difu.